Skonzi za Ijumaa Kuu

Mkono wangu wa kulia niliuvunja katikati ya Kwaresima, tena sikuuvunja kwa jambo la maana. Niliteleza kwenye maji ya sabuni hapo hapo uani kwangu, Chamazi, nikimfukuza bata wa jirani. Bata alipona. Mimi nikafungwa plasta ngumu, lile wanaloliita hogo, kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, na daktari akanikataza kushika kitu chochote mpaka Pasaka ipite. Nikamuuliza, sasa skonzi atakanda nani? Akacheka, akadhani natania.

Sikuwa natania. Sisi watu wa misheni, kwetu Masasi, Ijumaa Kuu haipiti bila skonzi za msalaba. Mama yangu alifundishwa na muuguzi wa Kiingereza aliyemwajiri kama mpishi, mimi nikafundishwa na mama, na nilipoolewa na Stephano nikaja nazo Dar es Salaam. Ni mikate midogo ya hamira, laini, yenye zabibu kavu, iliki na mdalasini, na juu ya kila mmoja unachora msalaba wa unga mweupe. Siku hiyo tunafunga tangu asubuhi, hatuli wala hatunywi, na jioni baada ya ibada tunafungua kwa skonzi na chai ya maziwa. Stephano ni mzee wa kanisa. Anaweza kusahau tarehe aliyonioa, lakini skonzi hasahau.

Msaidizi wangu alikuwa Demetria, mtoto wetu wa pekee. Tangu hajafikia urefu wa meza, kazi ya kuchora misalaba ilikuwa yake, na ole wako umguse. Akakua, akampenda Khalfani, fundi umeme wa Mbagala, kijana mwenye adabu zake. Akasilimu, akaolewa, na huko kwao sasa anaitwa Zuhura. Mimi nililia weee, kisha nikanyamaza, maana mtoto ni wangu tu, aitwe Zuhura, aitwe nani. Stephano hakulia. Alisimama mbele ya ukoo mzima akaapa, "Huyu asile kwangu, na mimi sitakula kitu kilichotoka mkononi mwake."

Hakumfukuza, hakumlaani. Lakini Demetria akimwamkia, alikuwa anatazama pembeni kama hajasikia. Kila Idi mtoto akituletea pilau kwenye hotipoti, baba yake anakumbuka kuna mgonjwa wa kumjulia hali mtaa wa tatu. Mimi nilikula. Sikuapa chochote.

Kuna kingine, kidogo, ambacho sikumwambia mtu. Tangu mtoto azaliwe, mume wangu alikuwa ananiita Mama Dema. Baada ya kile kiapo akaanza kuniita Eufrazia, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Mimi sikuacha kumwita Baba Dema, tena kwa makusudi, na nikiwa na hasira nalivuta hilo jina mpaka majirani wasikie. Wapi. Miaka mitatu nimeitwa Eufrazia ndani ya nyumba yangu, na iliniuma kuliko huu mkono.

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Mara Demetria akanipigia simu kwamba Khalfani amepata kazi Tanga, na Idi ikipita tu wanahama. Nikakaa kitako pale pale nilipokuwa. Mtoto aende mbali hivyo, na baba yake hajamwitikia hata shikamoo? Stephano ana presha. Watu wanalala wazima, asubuhi hawaamki. Siku hiyo niliogopa kweli, nikaamua: kabla Demetria hajaondoka, baba yake atakula kitu cha mkono wake, apende asipende. Akishameza ndipo nitamwambia, tuone kiapo chake atakitapika vipi.

"Njoo unikandie skonzi," nikamwambia Demetria. "Baba yako akishakwenda kanisani uingie, akirudi usiwepo."

"Mama, huo si uongo? Tena siku kama hiyo, na mie nimefunga?"

"Uongo gani? Mimi nitanyamaza tu. Kunyamaza nako siku hizi ni uongo?"

Akacheka kidogo, halafu akasema polepole, "Akijua, ataninunia zaidi."

"Zaidi ya hapa atanunaje, mwanangu?" Akaniuliza aje saa ngapi.

Ijumaa Kuu yenyewe Stephano akavaa shati lake jeupe, akachukua mwavuli. Kulikuwa na Njia ya Msalaba kwanza, kisha ibada ya saa tisa. Mlangoni akageuka.

"Na skonzi mwaka huu, Eufrazia?"

"Zitakuwepo."

"Utakandaje?"

"Nitajua mwenyewe."

Akaliangalia lile hogo kwa muda, akanitazama usoni, akaenda zake. Nami nilijiona mjanja, nusura nicheke kabla hajatoka getini.

Demetria akaingia kwa mlango wa nyuma, baibui limelowa pindoni kwa manyunyu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Mfungo tu, mama. Na wewe je?"

"Mimi leo tu, na tangu saa nne naona nyota. Nyie mwezi mzima mnawezaje?"

"Tunazoea," akasema, akakunja mikono ya gauni.

Kumpunguzia kazi, alfajiri nilikuwa nimeshachekecha unga kwa mkono wa kushoto, nikatia sukari, chumvi, iliki na mdalasini, nikafunika beseni. Nikamwachia meza, nikatoka uani kwenye banda letu la kupikia kuwasha mkaa. Mvua za masika zimeanza, gunia limepata unyevu, mkaa unatoa moshi tu. Kuwasha mkaa mbichi kwa mkono mmoja ni mtihani ambao sikumtakia hata yule bata. Niko katikati ya kupepea na kutukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe kwa siku ile, nikasikia sauti ya Demetria kutoka ndani.

"Mama, chumvi iko wapi?"

"Kopo la kijani!" nikajibu, macho yamejaa moshi.

Niliporudi ndani nilisimama mlangoni. Alikuwa anakanda jinsi nilivyomfundisha, anausukuma unga kwa kisigino cha kiganja, anaukunja, anaugeuza, anausukuma tena, na mabega yake yalikuwa yale yale ya utotoni. Nilitamani Stephano aone. Nilimkumbuka mwanangu hali yuko mbele yangu, na hilo ni jambo la ajabu, kumkumbuka mtu unayemtazama.

"Umekuwa laini?" nikauliza.

"Laini. Onja basi utamu."

"Nionje na nini? Nimefunga."

"Na mie nimefunga."

Tukatazamana, tukacheka. Tangu watu waanze kupika skonzi sijui kama ziliwahi kupikwa na watu wawili ambao hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kulamba kidole. Tukanusa tu. Harufu ya iliki ilikuwa mahali pake, tukaridhika.

Hamira ikatuangusha. Kwa ile baridi ya mvua, donge lilikaa tu kwenye beseni bila kuumuka, nami kila dakika nafunua kitambaa naangalia. Demetria akaswali chumbani kwake kwa zamani. Nilimpa kanga yangu mpya ya kutandika, na aliponiuliza kibla ni upande gani, ikabidi nikumbuke Mama Mfaume, jirani yetu, huwa anaelekea wapi kule barazani kwake. Nilikaa ukumbini nikamsubiri, nimepunguza sauti ya redio.

Unga ulipokubali, tukakata madonge, tukayapanga kwenye sufuria pana. Nikakoroga uji mzito wa unga na maji, nikautia kwenye mfuko mtupu wa sukari, nikakata kona. Hapo Demetria akasimama. Mikono aliiweka nyuma.

"Mama," akasema, "msalaba..."

"Najua. Sikukuomba. Nipe, nitachora mwenyewe."

Nikashika mfuko kwa mkono wa kushoto, nikaminya. Mstari wa kwanza ukaenda kama nyoka aliyepigwa fimbo. Wa pili ukamwagikia pembeni. Mkono unatetemeka, njaa nayo haisaidii, na machozi yakaanza kunilenga kwa hasira tu, hasira ya hogo, ya mvua, ya Tanga, ya mwanamume niliyemzalia mtoto halafu akajifanya hana. Nikahisi kiganja chenye joto kinanishika kifundo cha mkono kwa chini. Mkono ukatulia.

"Mie nakushikilia tu, mama," Demetria akasema. "Msalaba ni wako."

Tukachora yote hivyo hivyo, yeye ameshika mkono wangu, mimi nimeshika mfuko. Haikunyooka hata mmoja.

Tukafunika sufuria, tukapanga makaa juu ya kifuniko na machache chini. Skonzi ya kwanza iliposhika rangi, mvua ikashuka yote kwa pamoja, mvua ile ya kuziba njia. Bodaboda gani ingekuja Chamazi kwenye matope yale? Demetria amekwisha kuvaa baibui, anachungulia dirishani, na mwanga unapungua. Awamu ya pili nikaiepua mwenyewe. Kisha geti likalia.

"Baba yako! Ingia stoo!"

"Mama, jamani..."

"Ingia!"

Akaingia. Mke wa mtu, mwanamke mzima, kajificha katikati ya gunia la mchele na madumu ya maji, ndani ya nyumba alimozaliwa. Nikamrudishia mlango kwa mkono wangu mmoja, na pale pale nikaona aibu kubwa, si kwa ajili ya uongo, bali kwamba tumefika hapo.

Stephano akaingia amelowa magoti. Akatundika mwavuli, akanawa, akakaa mezani. Mbele yake akaweka kifurushi kidogo cha gazeti, hakukifungua. Nikamletea sahani ya skonzi imefunikwa kitambaa, nikamimina chai. Alikuwa hajagusa kitu. Nikadhani anasali.

Kumbe anasikiliza. Kutoka msikiti wa chini, katikati ya mlio wa mvua kwenye bati, adhana ya magharibi ikaanza. Akaacha ikaendelea kidogo, kisha akasema, "Mwite atoke."

"Atoke nani?"

"Eufrazia. Huo mkono mmoja ndio umekanda beseni zima la unga? Tangu asubuhi unaniona mjinga."

Mpango wangu wote nilioupika kwa wiki nzima, hata mara moja sikuwahi kuutazama kutoka upande huo.

Akafungua lile gazeti. Zilikuwa tende, za kunata, zile wanazouza kituoni msimu wa Ramadhani. Mzee wa kanisa, Ijumaa Kuu, katoka Njia ya Msalaba kapanga foleni ya tende. "Wanaadhini," akasema, macho kwenye pindo la baibui lililobanwa na mlango wa stoo. "Mtoto afuturu na nini huko stoo, mchele mbichi?"

Sikuwa na haja ya kwenda kumwita. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguka. Demetria alisimama hapo, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, chembe za unga shavuni.

"Shikamoo baba."

Mvua ilinyesha, adhana ilikuwa inaishia, na baba yake aliutazama uso ule moja kwa moja, bila pembeni.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kaa. Kula tende."

Demetria akakaa. Akasoma dua yake kimya, akala tende moja, akanywa maji, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni wala hayafuti. Stephano akavuta sahani, akafunua kitambaa, akaiangalia ile misalaba yetu iliyopinda. Akachukua skonzi moja.

"Baba Dema," nikasema, "unajua nani..."

"Najua."

Akaing'ata.

Akatafuna. Kisha akatafuna taratibu zaidi. Nami nikachukua yangu, nikang'ata, na ulimi wangu ukasinyaa wote. Chumvi! Si chumvi ya kusema imezidi kidogo. Nikakumbuka alfajiri na mkono wangu wa kushoto, nikakumbuka kopo la kijani na moshi machoni. Demetria naye alikuwa ameonja, kaziba mdomo kwa mkono.

"Acha!" nikamwambia Stephano, nikanyoosha mkono nimnyang'anye. "Acha, na presha yako hiyo!"

Akausogeza mkono wake mbali nami. Akaendelea. Aliila yote, zabibu na msalaba na makombo yaliyobaki kwenye sahani, bila haraka, macho yake kwa binti yake. Alipomaliza akanywa glasi nzima ya maji, akafuta midomo kwa kile kitambaa.

"Mama Dema," akaniita.

Nikaiacha skonzi, nikamgeukia.

"Chumvi mmetia mara ngapi?"

"Mara mbili, baba," Demetria akajibu badala yangu, akimwongezea maji.