Zawadi ya Shaame

Ule wembe wa kunyolea ndevu Mardhiya aliununua Edgware Road, London, pamoja na sabuni na brashi yake, akafungiwa kwa karatasi ya dhahabu. Wahenga walishasema, mtoto akililia wembe mpe. Na aliyeulilia hakuwa mtoto, alikuwa wifi yake, Zainab.

Ee, Zainab na mdomo wake! Mwanawe Shaame kafaulu mtihani wa kuingia shule ya grammar, ile ya serikali inayochagua watoto wenye alama za juu tu. Asya, binti wa Mardhiya, kakosa kwa alama mbili. Basi mtaani kwao Wembley hakukukalika. "Wote wana miaka kumi na moja," Zainab akimwambia kila aliyempigia simu, "lakini mtoto wa kike, utake usitake, akili yake inaishia jikoni." Asya akayasikia. Akavisukumia vitabu vyake chini ya kitanda, hataki hata kuviona. Hapo ndipo Mardhiya alipochomwa moyo.

Miaka kumi na moja? Thubutu! Walipokimbia Unguja baada ya mapinduzi, Asya alikuwa mgongoni kwake. Shaame alikuwa akenda kwa miguu yake, kashika juzuu ya chuo cha Kurani. Kufika London, baba yake, Talib, akampunguza mwanawe miaka miwili, apate kuanzia darasa la chini aokote Kiingereza. Talib ni kaka yake Mardhiya. Dada mtu akanyamaza miaka yote. Lakini mtihani ule humwongezea alama mtoto aliye mdogo, na Shaame, dume la miaka kumi na tatu, kaongezewa kama kitoto. Na Asya ndiye wa kwanza anayesubiri nafasi. Akitoka mmoja, anaingia yeye.

Jumapili ya karamu, Zainab alimwalika hata mwalimu Jaswant, Kalasinga wa Mombasa, naibu mkuu wa shule hiyohiyo. Akamkalisha mbele, karibu na sinia la pilau, watu wamwone.

"Wifi, umekuja!" Zainab akacheka. "Nilidhani umenuna."

"Ninune kwa lipi? Nimemletea mwanangu zawadi. Na aifungue hapahapa, tuone sote."

Shaame akaichana karatasi. Zainab akajichekesha. "Una mambo, Mardhiya! Mtoto huyu na wembe wapi na wapi?"

"Asante, shangazi!" Shaame akasema kwa sauti nzito, furaha imemjaa. "Wa baba umekwisha makali, kila Ijumaa unanichubua tu."

Mwalimu Jaswant akaweka kijiko. Akamtazama kijana kidevuni, kisha akamgeukia baba mtu. "Bwana Talib, huyu ana miaka mingapi hasa?"

Talib akakohoa, akamsogezea mgeni sinia. Mardhiya akajipakulia pilau, akachagua mnofu mkubwa, akaula taratibu mbele ya wifi yake aliyekuwa akilengwalengwa na machozi. Alipomaliza akanawa mikono, akavaa koti.

"Mbona mapema?" mtu akauliza.

"Nina haraka. Nakwenda kumwambia Asya avitoe vitabu chini ya kitanda."