Kaburi la Mwanvita

Bagamoyo nzima ilikuwa ikijiandaa kwa baraza kuu la majumbe wa pwani. Njia zilifagiliwa, ng'ombe wakachinjwa. Mwanvita, mke wa Bwanausi, aliwatwangia wageni mpunga huku ana homa, na alfajiri ile akafariki.

Bwanausi akaenda kwa jumbe kuomba wachimba kaburi.

“Pole sana, ndugu yangu,” jumbe akasema. “Lakini watu wa Pangani wanaingia leo. Ngoja kesho.”

“Maiti haicheleweshwi, Jumbe.”

Akachimba mwenyewe, akisaidiwa na shemeji yake Ausi. Walipokuwa wakifukia, ngoma za kuwapokea wageni zikalia mjini. Ausi akasimama, akafunika uso.

“Fukia, shemeji,” Bwanausi akamwambia kwa upole. “Hakuna mwingine anayekuja.”