Sheria Iliyopigiwa Makofi

Rangi nyekundu ilikuwa bado mbichi. Mama Séraphine aliigusa kwa kidole ukutani mwa nyumba yake, akajifuta kwenye kitenge, akaacha ndagala zake, dagaa wa ziwani, juani na kushika njia ya tribunal, mahakama ya mji. Mwezi uliopita tu Jaji Lambert alisema mbele ya watu wote kwamba amri ya Parti, chama kinachotawala, ya kubomoa nyumba hiyo ni batili: kiwanja alikipata marehemu mume wake, mfanyakazi wa reli, kwa njia halali. Majirani walimbeba Séraphine juu siku ile. Leo alama ya kubomoa imerudi, nene kuliko ya kwanza.

Alimkuta jaji ofisini, lakini hakuwa peke yake. Kwenye kiti cha jaji alikaa komisaa wa wananchi. Watu wa Kigoma wangemwita mbunge. Ndiye anayewasemea watu wa Kalemie kule Kinshasa, na villa yake inajengwa ubavuni mwa nyumba ya Séraphine. Jaji alikuwa amesimama.

"Ingia, citoyenne," komisaa akasema. Mkubwa hawezi kutamka jina la ubatizo, humwita kila mtu raia kwa Kifaransa; hiyo nayo ni sheria.

"Papa Juge," Séraphine akasema bila kumtazama yule mwingine, "mulisema nyumba yangu haitabomolewa. Sasa bamerudisha rangi."

Lambert alifungua kinywa. Aliyejibu ni komisaa.

"Sheria mupya imetoka. Amri ya Parti juu ya kiwanja, tribunal haina tena ruhusa ya kuiangalia. Na hukumu zilizopita, zimefutwa."

"Iko wapi hiyo sheria?" jaji akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini aliuliza, na hilo lazima lisemwe. "Miye sijaiona."

"Iko inakuja na treni. Lakini miye nilikuwa mule ndani. Tulipiga makofi, ikapita."

"Citoyen Commissaire, Katiba inanituma niangalie kama amri inafuata sheria. Kama ule mwenye kushitakiwa anaweza kunifunga macho, miye nafanya kazi gani hapa?"

"Unakula mushahara." Komisaa alitabasamu kama anayemtania shemeji yake. "Na juge aliyekutangulia, siku hizi anafanya kazi gani?"

Jaji yule wa zamani alipandishwa boti ya kwenda Moba katikati ya askari wawili, na mpaka leo mke wake hushuka bandarini kila boti inapofika, akiuliza.

"Basi kilio changu nikipeleke kwa nani?" Séraphine akasema.

"Kwetu, Mama. Siye njo benye kuwakilisha raia."

Kesi ya ngedere ipelekwe kwa nyani, na ngedere ashukuru. Séraphine alimeza hasira, kwa sababu ana watoto, na gereza halipokei mama na wanawe pamoja.

Jaji alimsindikiza hadi kwenye ngazi.

"Mama, toa vyombo leo," akanong'ona.

"Na hukumu yenu?"

"Njo ya kweli, hata sasa. Lakini toa vyombo."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya Salongo, kazi ya umma ambayo kila raia wa Zaire huitokea na jembe lake, apende asipende. Asiyetoka hufungwa. Kwa kawaida watu wa mtaa ule hufyeka majani na kuzibua mifereji. Safari hii Gérard, kiongozi wa Parti wa mtaa, aliwapanga mbele ya nyumba ya Séraphine. Hakukuletwa mashine wala askari. Walioletwa ni majirani. Papa Jérôme, aliyechimba msingi huo pamoja na marehemu, ndiye aliyetoa tofali la kwanza, na Mama Bibiane, anayeuza samaki karibu na Séraphine sokoni, akalipokea. Hawakumtazama mwenye nyumba.

Watumishi wa serikali nao walikuja, maana wao ndio hukaguliwa kwanza. Jaji Lambert alikunja mikono ya abakosti yake, koti la watumishi wa serikali, akaungana na waliokuwa wakishusha paa.

Séraphine alikaa na watoto juu ya godoro kando ya njia. Gérard alimjia polepole, kwa heshima kabisa.

"Mama, usinikasirikie. Salongo ni ya bote. Ukikaa, nitatoa jina yako kwa bakubwa."

"Gérard, ile njo nyumba yangu."

"Najua, Mama. Lakini nitalitoa."

Séraphine aliwatazama watoto, kisha akainuka.

Boriti kubwa ilikuwa imeshuka. Ncha moja ilikuwa begani mwa jaji, ambaye alikuwa akingoja mtu wa kushika ncha ya pili. Komisaa alisimama kwenye veranda ya villa yake ambayo haijaezekwa, akionyesha kwa kidole mahali pa kuipeleka. Séraphine akainama, akaitia begani.

"Tuende, Mama?" jaji akauliza.

Gérard akaanzisha wimbo wa Parti, majirani wakaupokea, na kwa kuwa kiongozi huyo alikuwa akitazama midomo ya kila mtu, Séraphine na jaji wakatembea wakiimba.