Nimechoka Kufa

Katika tamthilia zote alizoandikiwa na mumewe, mwigizaji aliyeitwa Dada Mkubwa hakuwahi kufika salama onyesho la mwisho. Alishakufa kwa sumu, kwa kisu, kwa homa, hata kwa huzuni tupu. Watazamaji walilia mpaka leso zikalowa, na magazeti yakamsifu mwandishi, ambaye mji mzima ulimwita Kalamu. Mwigizaji mwenyewe aliinuka sakafuni, akapangusa vumbi magotini, akainama kupokea makofi, kisha yeye na mumewe wakarudi nyumbani kubishana nani aoshe vyombo.

Asubuhi moja Kalamu aliweka mswada mpya mezani. Dada Mkubwa akakimbilia ukurasa wa mwisho.

"Mume wangu, safari hii nazama mtoni?"

"Tena unazama vizuri sana!"

"Nimechoka kufa."

Kalamu alidhani anataniwa. Alipoona hakuna utani, uso ukamshuka. "Watu wanakuja kulia, mke wangu. Ukibaki hai watalia nini?"

"Wakalie kwao. Mtafute mwingine wa kuzama."

Nyumba ikapoa. Kalamu akawa anajifungia chumbani, anatoka kula tu. Mwongozaji wa kikundi chao akampa nafasi ile binti mmoja chipukizi. Siku ya mazoezi binti alizama kweli kweli. Mafundi wa taa wakasahau taa zao. Dada Mkubwa, aliyekaa viti vya nyuma akijikaza asione wivu, akageuka kumtazama mumewe. Kalamu alikuwa anapiga miayo.

Akambana nje, kwenye ngazi za ukumbi. "Maneno ni yako, na binti ameyatendea haki. Miayo ya nini?"

Kalamu akakuna kidevu. Huyu aliyewapa wengine maneno, yeye mwenyewe ulimi ulikuwa mzito. "Binti akiinuka, sisikii kitu," akasema hatimaye.

"Akiinuka?"

"Unakumbuka ulipojifungua kifungua mimba wetu? Daktari alinitoa nje, akaniambia nijiandae. Nikakaa kwenye benchi, nisijue mtu anajiandaaje. Tangu siku ile nakuandikia kifo, nakutazama umelala pale chini, halafu unainuka. Nikikuona umeinuka, roho inatulia mpaka tamthilia nyingine."

Dada Mkubwa hakujua acheke au alie. Miaka yote alidhani mwenzake anapenda makofi. Akamshika mkono, akamketisha kwenye ngazi.

"Kufa tumefanyia mazoezi ya kutosha," akamwambia taratibu. "Niandikie mwanamke anayezeeka. Hilo hatujalijaribu hata kidogo, na magoti yameshaanza kunigomea."

Kazi hiyo ilimtoa Kalamu jasho, maana kila alipokaribia mwisho mkono ulitaka kuua mtu, na mkewe akamnyang'anya karatasi. Mwishowe ikatoka tamthilia ya mke na mume wanaohama nyumba, wakigombana juu ya kabati lisilopita mlangoni. Hakufa mtu. Siku ya kwanza, pazia lilipofungwa, watazamaji walibaki vitini wakisubiri msiba. Kisha mmoja akacheka, na ukumbi mzima ukafuata.

Kalamu alikuwa nyuma ya jukwaa, ameshika viatu vya mkewe vya kurudia nyumbani.

"Umeruka mstari," akamwambia, akiinama kumvalisha.

"Mstari wenyewe ulikuwa mbaya."

Kalamu akafunga kamba ya kiatu. "Ulikuwa mbaya," akakubali, wakatoka.