Kilima Kisichoitika

Mchana ule nililala kwa hasira tu, wala si kwa uchovu. Asubuhi nzima nilikuwa nikibishana na Kihiyo, mhariri wa kalenda, juu ya picha yangu ya kilima cha Kwemhanga, kule Usambara nilikozaliwa. Kilima kile kina kovu jekundu ubavuni, pale ardhi ilipoporomoka wakati wa masika ikamfukia shangazi yangu Namboza ndani ya nyumba yake, asipatikane tena. Kihiyo alilifuta kovu, akapaka anga rangi ya zambarau, kisha, Mungu nisamehe, akaweka theluji kileleni.

“Theluji, Kihiyo? Usambara?”

“Dada Hoza, watu wanapenda,” akanijibu, na jina langu akaliacha pale pale chini ya picha. Nikajitupa kitandani na viatu vyangu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambayo jua lilikuwa likizama pande zote nne. Foleni ndefu ya watu wenye kamera ilielekea kwenye jiwe moja, kila mtu akingoja kukanyaga pale pale alipokanyaga mwenzake. Aliyewapanga alikuwa Mwigo, bwana mnene mwenye sauti ya mnadani. Nilipogeuza kamera yangu upande mwingine, akanikemea: “Huko hakuna picha, dada! Hakuna aliyewahi kupiga huko!”

Nikatoka nikisonya. Njiani nikakutana na mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni, kitambaa chenye maji mkononi. “Naitwa Kiasi,” alisema. “Punguza kufoka, unifuate.”

Akanifikisha uwanjani kwa Bibi Madoido, ambaye alikuwa akiipaka milima poda na wanja kama maharusi, mmoja baada ya mwingine, hadi yote ikafanana. Katikati ya milima hiyo watu walizunguka na mizigo kichwani wakiulizana kwao ni wapi. Mmoja wao alikuwa shangazi Namboza.

“Hoza, mwanangu,” aliniambia, “nilikuwa chini ya lile kovu. Wamelifuta. Sasa wanangu watakuja kuniombea wapi?”

Nikampokonya Madoido brashi yake, nikaivunja gotini. “Basi picha zisiguswe kabisa!” nikapiga kelele.

“Hapana,” alisema Kiasi. “Hata jicho la kamera hupofuka, likaona giza pasipo giza. Unayempiga picha mfute vumbi, mtoe kivulini. Lakini kumwosha mtu uso si kumvisha uso wa mwingine. Ukimaliza, mwite kwa jina lake. Asipoitika, umevuka mpaka.”

Nikaita, “Kwemhanga!” Kimya. Kiasi akapitisha kitambaa kwenye kilima kimoja. Poda ikachuruzika, kovu likatokea, jekundu, baya, la kwetu. Nikaita tena, na kilima kikaitika kwa sauti iliyonitetemesha mifupa.

Niliamka nikiwa bado naita. Nikakaa kitandani, na taratibu ikanijia kwamba asubuhi nzima nilikuwa nimegombana juu ya rangi, wakati kilichoibwa ni kaburi. Nikampigia Kihiyo.

“Iondoe picha yangu.”

“Dada Hoza, kalenda inaingia mtamboni kesho!”

“Iingie bila mimi.”

Nikakata simu, nikaifungua kwenye kompyuta picha yenyewe, ile ya kwanza. Nikaking'arisha kivuli kidogo kidogo, mpaka njia iliyokuwa ikienda mlangoni kwa shangazi ikaonekana, ikiishia kwenye kovu. Hapo nikauzuia mkono wangu.