Taa za Hawe Mapenzi

Katana alikuja dukani kwangu Kibokoni mara tatu kwa safari moja, na mara ya tatu nusura nimfukuze.

Mimi hukodisha kamera na taa. Wateja wangu wengi ni watu wa harusi, nao hawana makuu: wataka bibi harusi ang'are, basi. Katana alitengeneza filamu za mambo ya kweli. Safari hii alikuwa akienda kumrekodi nyanya yake, Hawe Mapenzi, kijijini kwao nyuma ya Kaloleni, ambako stima haijafika. Chirau, kitinda mimba wa huyo bikizee, alikuwa amemtangaza mamake kuwa mchawi, maana alilitaka shamba la minazi. Alimwambia ana kwa ana: auze au afe. Hawe akakubali kuyasema hayo mbele ya kamera, na wakili wa hapa mjini akaahidi kuyapeleka mahakamani. Basi lililobaki lilikuwa Katana kumwahi.

Huko kwao mvi huhesabiwa alama ya uchawi, zaweza kumuua mtu. Hawe alikuwa akipaka nywele rangi nyeusi ili aishi, na Katana alitaka weupe ule unaochungulia kwenye mizizi uonekane. Nilimpa kamera ndogo, taa ya betri na sola ya kuchajia. Kesho yake akarudi: taa ile kali mno, yaimeza rangi yote. Akachukua nyingine pana, ya mwanga laini, akarudi tena: yala betri. Akanikalisha kitini akanimulika ndevu, maana mimi nami hupaka, ila kwangu ni urembo tu.

"Geuka kidogo, mzee Usman."

"N'geuke hadi lini? Nyanyako yuwakungoja. Twaa simu yako, wende ukamrekodi nayo."

"Nyumba yake haina dirisha, mzee. Simu haitaona kitu. Nataka watu wamwone, wasimsikie tu. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo, mwanangu."

Hakunisikia. Mwisho akapatia: taa mbili ndogo, moja kila upande, zimefunikwa kitambaa cheupe kulainisha mwanga. Nilijitazama kwenye kamera nikaona kila unywele ukinisuta. Kusema haki, ilikuwa kazi nzuri, nami niliionea wivu. Akafunga mizigo akaenda.

Aliporejea aliweka vyombo juu ya meza, akanisalimu kwa sauti ndogo, akakaa. Mimi kila chombo kikirudi hukijaribu kwanza, kwa hivyo niliiwasha kamera nikatazama alichorekodi.

Alikuwa mwanamume wa makamo, ameketi kwenye kigoda ndani ya nyumba ya udongo. Alisimulia jinsi mamake alivyombeba mgongoni hadi hospitali alipokuwa mtoto, mvua ikiwanyeshea, na jinsi alivyomkatia kanga yake amfunge kidonda. Sauti ikamkatika. Mwanga ulimkaa vizuri mno; chozi lilionekana tangu linapoanza hadi kidevuni. Nilimkumbuka marehemu mama yangu nikatoa leso.

"Maskini," nikasema. "Ni nani huyu?"

"Ni baba mdogo. Chirau."

Niliuliza Hawe yuko wapi, ingawa moyo ulikuwa umeshanijibu.

"Walimkuta shambani asubuhi ile niliyofika, amekatwakatwa. Polisi wasema hawana shahidi. Nilikuwa nishazipanga taa kwake ndani nikimngoja arudi, sikujua la kufanya. Baba mdogo akaja akaketi mwenyewe pale nilipomtengea mamake, akaniambia nirekodi."

"Nawe ukarekodi."

"Nilirekodi." Alinyoosha mkono akaizima kamera. "Kila atakayeiona atamhurumia, mzee."

Nilitaka kumwambia sivyo. Lakini leso yangu ilikuwa mkononi, imelowa, naye alikuwa akiitazama.