Njia Iliyopanda Juu ya Mahindi

Asubuhi ya Jumamosi, Mama Fyekeo na shemeji yake seremala walitoka kukagua njia za miguu kama ilivyo ada yao. Mama huyo kwa kazi alikuwa mshona nguo. Jina alilipata kwa lile fyekeo lisilombanduka begani. Shemeji alibeba nyundo na mbao za kuziba kivuko kilichooza. Hakuna aliyewatuma. Walijitolea tu, kwa sababu njia isiyo na mtu wake humezwa na nyasi.

Njia ya zahanati waliiacha mwisho, maana iliwauma. Mwenye shamba la mahindi ilimopita alikuwa ameikata kwa seng'enge, na tangu hapo wagonjwa walizungushwa barabara kuu. Dada yake seremala, wifi yake Mama Fyekeo, alibebwa kwa mzunguko huo akiwa na uchungu wa kujifungua. Hakufika, yeye wala mtoto. Walipolalamika ofisi ya ardhi, waliambiwa suala linashughulikiwa.

Siku hiyo waliikuta njia imeinuka. Ilianza kupanda hatua chache kabla ya seng'enge, ikapita juu ya mahindi, ikashuka mlangoni pa zahanati. Ilikwenda na udongo wake, mawe yake na nyasi zake za pembeni. Chini yake mizizi ilining'inia, ikidondosha umande.

“Imepanda,” alisema seremala.

“Naiona. Kagua kama inabeba.”

Seremala akaikanyaga kwa kisigino, akaruka mara mbili. Ilibeba.

Katikati, Mama Fyekeo alivua viatu. Udongo ulikuwa na joto, umelainishwa na nyayo za watu waliozikwa zamani. Chini, upepo ulilaza mahindi na kuyainua, shamba zima likipumua. Seremala, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alitazama mlango wa zahanati.

“Dada angepita hapa,” akasema.

“Angepita, shemeji.”

Mwenye shamba alitokea chini, mikono kiunoni. “Nyie! Shusheni njia yenu, inatia mahindi yangu kivuli!”

“Toa seng'enge,” alijibu Mama Fyekeo. “Huenda ikashuka yenyewe.”

Mwenye shamba akaenda kushtaki. Ofisa akaja, akatazama juu, akakuna shingo, akasema yeye ni wa ardhi, na ile sasa ni anga. Kuhusu seng'enge, suala lilikuwa bado linashughulikiwa.

Basi watu wakapita juu. Seremala aliweka kingo za mbao ili watoto wasianguke, na Mama Fyekeo akawa anapunguza mizizi iliyorefuka mno.

Mvua zilipoanza, mama mzazi wa mwenye shamba alibanwa na pumzi. Mwanawe alikuja mbio mpaka kwenye cherehani ya Mama Fyekeo, kofia mkononi.

“Dada yangu, nisaidie. Barabarani hatafika.”

Mama Fyekeo aliiacha nguo chini ya sindano. Alimwita shemeji yake, majirani nao wakaitwa, machela ikabebwa. Walipofika kwenye mwinuko, njia ilijilaza kidogo, kama mama anavyoinama abebeshwe mtoto mgongoni. Wabebaji walipita bila kuyumba.

“Nani kaijenga njia hii?” aliuliza bibi kizee, macho yake mawinguni.

“Ni ya zamani, mama,” alisema Mama Fyekeo. “Ilikuwa chini.”

Mwenye shamba alishika mpini wa mbele wa machela, akatazama mahindi yake.

Bibi kizee alipona. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, kwa njia ileile, akisimama kila mara kushangaa ndege wakimpita usawa wa magoti.

Wiki iliyofuata, Mama Fyekeo akiwa juu anafyeka, alisikia nyundo. Alichungulia. Mwenye shamba alikuwa anang'oa seng'enge iliyoshika kutu na kufunga mpya, akiikaza vizuri.

“Mama hajambo?” aliuliza Mama Fyekeo.

“Hajambo, nashukuru sana.”

Mama Fyekeo akazivuta kwa mguu nyasi zilizokatika, zisimwangukie mwenye shamba kichwani, akaendelea na kazi.